Thermal Man, Roboti Imejaa Nare

Uliza wasee wa base adui mkali wa Marvel ni nani. Utaskia Thanos, utaskia Ultron, na mwenye amesoma makomiki mob atakupea Galactus. Hakuna atataja Thermal Man. Na mimi huyo ndiye hunibamba kuliko wote. Ni roboti kubwa yenye nguvu yake yote ni joto. Inatembea na joto, inapigana na joto, inachoma chenye iko mbele yake na hiyo hiyo joto. Alitokea kwa komiki ya Thor, namba 168 hadi 170, mwaka wa 1969. Akaleta ngori, akapigwa, akasahaulika.

Matoleo 3 tu, manze. Na hapo ndani kuna wazo la adui lenye waandishi wengi wa leo hawajawai gusa.

Kwanza cheki venye mambo ilikuwa imekaa hiyo time. Thor aliingia Marvel kwa Journey into Mystery namba 83, Agosti 1962, na kufika 1966 kitabu chenyewe kikabadilishwa jina kikawa chake. Stan Lee alikuwa anaandika maneno, Jack Kirby anachora, na huyo Kirby alikuwa kwa miezi yake ya mwisho hapo. Mwaka uliofuata hayo matoleo, 1970, aliishia kampuni ya DC. Komiki moja ilikuwa inauzwa senti 15. Stori kubwa ya hayo matoleo haikuwa roboti. Ilikuwa Galactus. Thor amemfuata huko mbali angani, na Galactus anamsimulia alitoka wapi: zamani alikuwa mtu anaitwa Galan, wa sayari ya Taa, kwa ulimwengu wenye ulikuwa kabla ya huu wetu, na wakati kila kitu kilidedi yeye akapona akageuka kuwa kile kiumbe kinamanga sayari nzima nzima.

Sasa, Thor akiwa huko anaskiza, Thermal Man anaachiliwa huku duniani. Mabeshte wa Thor kutoka Asgard wanajaribu kumzuia na anawalemea vibaya. Kurasa zinaruka huku na kule: juu angani kuna njaa yenye haiishi, chini duniani kuna tanuru inatembea. Hata kama haikupangwa hivyo, ukisoma hizo sehemu pamoja unaona ni swali moja limeulizwa mara mbili. Wewe mkubwa hivi, unakula nini? Na ikiisha?

Wenye waliitengeneza hiyo roboti ni wanasayansi wa Uchina, kwa komiki. Hapo lazima nibonge wazi, juu ukipenda kitu lazima uone na uchafu wake. Uchina ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la nyuklia Oktoba 1964, ikafuatisha la haidrojeni Juni 1967, na mapema 1969 majeshi yake na ya Soviet yakachapana kwa mpaka. Marekani ilikuwa inashinda ikiangalia huko na uoga. Hakukuwa na ubalozi kati yake na Uchina. Rais Nixon alikuja kuenda Beijing 1972. Kwa hivyo huo uoga ukapewa mikono na miguu, ukawekwa kwa karatasi ukauziwa watoi. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1963 Thor alikuwa tayari amepigana na Radioactive Man, Chen Lu, mwanafizikia wa Uchina mwenye mwili umejaa mionzi. Kabla yake kulikuwa na Yellow Claw, 1956, na Mandarin akafuata 1964. Ukiwapanga hao wote kwa laini moja, inauma. Sura ni ile ile, na watu wa nchi nzima wamefanywa kuwa kitu kimoja cha kuogopesha.

Lakini roboti yenyewe haichukii mtu. Hiyo ndiyo kitu inanishika. Radioactive Man ana chuki, Mandarin ana tamaa, Thermal Man ana joto pekee. Alijengwa, akawashwa, akatumwa. Ukimtoa kwa ile siasa ya 1969, anabaki adui msafi kabisa: mashine yenye inafanya chenye ilitengenezwa kufanya, na lawama yote inarudi kwa wenye waliiwasha.

Sasa tuingie kwa joto yenyewe, juu hapa ndipo huyu jamaa anakuwa mtamu.

Joto peke yake haifanyi mboka. Mfaransa anaitwa Sadi Carnot aliandika hiyo kitu 1824, akiwa kijana bado, akifikiria injini za mvuke. Alichoona ni kwamba injini haipati nguvu ju iko na joto mob. Inapata nguvu ju joto inahama kutoka pahali moto ikienda pahali baridi, na kwa hiyo safari ndio unaweza kuiiba kidogo isukume kitu. Ukikosa pahali baridi, hakuna safari, na injini inakaa tu ikiwa moto bure.

Weka hiyo kwa Thermal Man. Sema ndani yake ni digrii 900 za Kelvin. Hiyo ni kama 627 za Selsiasi, pale chuma inaanza kung'aa nyekundu. Nje, kwa barabara ya New York, ni 300. Akiwa mashine kamili, yenye haipotezi kitu, anaweza kugeuza sehemu 2 kati ya 3 za hiyo joto kuwa nguvu ya kutembea na kudunda watu. Mpeleke pahali nje ni 600, anabaki na sehemu 1 kati ya 3. Mpeleke pahali nje ni 900 kama ndani yake, na amekwisha. Sifuri. Hajapoa hata kidogo, bado anawaka, lakini hawezi kuinua kidole.

Wasee wengi ukiwauliza venye unaeza mshinda, watakuambia barafu. Mtupe huko Aktiki, amwagiwe maji, agandishwe. Mimi nimebishana hiyo stori na mabeshte hadi usiku, na nasimama hapa: baridi inamfanya akuwe mkali zaidi kwanza. Pengo kati ya ndani na nje inaongezeka, kila punje ya joto inafanya mboka kubwa. Atakudunda vibaya kuliko alivyokudunda mjini. Halafu ataisha haraka, ju baridi inamnyonya. Kwa barafu una dakika chache za hatari kubwa, halafu kimya. Ukitaka asimame bila hata kukugusa, mpeleke ndani ya moto wenye uko sawa na wake. Hebu fikiria ukurasa huo: shujaa anakimbia kuingia kwa kiwanda cha kuyeyusha chuma, kila mtu anadhani amechizi, roboti inamfuata ndani, na inasimama katikati ya moto, macho inawaka, mikono haisongi.

Mwisho wenye Lee na Kirby walichagua sitakuspoilia. Itafute usome.

Kuna kitu ingine kali zaidi. Kitu chochote moto kinatupa joto nje, hata kikiwa kimetulia, na haitupi polepole venye unadhani. Josef Stefan alipima hiyo 1879, Ludwig Boltzmann akaelezea 1884: ukiongeza digrii za Kelvin mara 2, joto yenye unatupa inaongezeka mara 16. Roboti yetu ikikasirishwa ikapanda kutoka 900 hadi 1800, inavuja mara 16 ya vile ilikuwa inavuja. Na hapo kwa 1800 iko mlangoni mwa kuyeyuka, ju chuma huyeyuka kwa 1538 za Selsiasi, na 1800 za Kelvin ni kama 1527. Digrii 11 zimebaki. Ni jiko ya makaa umewacha kwa upepo: inawaka fiti, lakini makaa haifiki usiku.

Umeona sasa? Silaha ya Thermal Man na kidonda chake ni kitu kimoja. Kila mwale wa joto anakurushia ni damu yake. Akipigana sana anajimaliza, akijibania anakuwa mpole. Hakuna adui mwingine wa Marvel amewekwa kwa hiyo kona kwa njia safi hivyo. Mwandishi akijua hiyo, kila paneli inakuwa na hesabu: amebakisha ngapi, atatumia ngapi hapa, na shujaa anaeza mvuta akuwe na hasira mpaka atumie zote? Hapo kupigana kunageuka kuwa akili.

Mwaka huo huo wa 1969, Marvel walifanya kinyume kabisa na roboti ingine. Ultron alikuwa ametokea 1968, kazi ya Roy Thomas na John Buscema. Julai 1969, kwa Avengers namba 66, ndio adamantium ilianza kutajwa, ile chuma yenye haivunjiki, na Ultron akaivaa. Roboti mbili, mwaka mmoja, kampuni moja. Moja ikapewa mwili wenye hauna mwisho, ingine ikapewa nguvu yenye ina mwisho. Ile ya adamantium ikakuwa staa, ikarudi na kurudi, ikapata sinema yake 2015. Ya joto ikaachwa.

Naelewa kwa nini. Adui mwenye havunjiki anauza. Ukimdedisha leo, kesho unamleta na mwili mpya na hakuna mtu analalamika. Lakini sijawai skia uoga wa kweli nikisoma Ultron, juu najua atapigwa na kitu ya ajabu kwa kurasa za mwisho, iwe virusi, iwe huruma ya yule androidi Vision. Na Thermal Man unaogopa kwa sababu unaelewa. Unajua ana nini ndani, unajua itaisha, na swali ni kama mtaa utakuwa bado umesimama ikiisha.

Joto na roboti huko Marvel ni damu moja, actually wamezaliwa pamoja. Komiki ya kwanza kabisa yenye jina Marvel, Marvel Comics namba 1 ya Oktoba 1939, ilikuwa na Human Torch. Huyo si Johnny Storm wa Fantastic Four, huyo alikuja 1961. Huyu wa kwanza, wa Carl Burgos, alikuwa androidi. Profesa Phineas Horton alimtengeneza, akamwonyesha wanahabari akiwa ndani ya bomba la kioo, na hewa ikimgusa tu anashika nare. Watu wakapanic. Akafungiwa ndani ya saruji. Akatoroka, akazunguka mjini akiwaka na hajui kuzima, mpaka akajirusha kwa bwawa la kuogelea, na mwenye bwawa akawa ni jambazi mwenye akaanza kumtumia kwa biashara zake chafu. Kwa hizo kurasa za kwanza huwezi sema kama ni shujaa ama ni adui. Ni mashine yenye haijafunzwa. Baadaye ndio anajifunza kuishika hiyo nare na anachagua upande wake.

Kitabu hicho hicho cha 1939 kilikuwa na Sub-Mariner, jamaa wa maji, kazi ya Bill Everett. Moto na maji ndani ya kitabu kimoja, na 1940 wakakutanishwa wakachapana. Sasa shika hii: Thor namba 170, ile ya Thermal Man na Thor uso kwa uso, Kirby alichora kwa penseli, na mwenye alipitisha wino juu ni Bill Everett. Miaka 30 baadaye mzee wa maji amekaa anapaka wino roboti ya joto. Mimi hiyo kitu hunifurahisha kabisa, hata ka hakuna mtu alipanga.

Na kuichora joto si mchezo. Joto haionekani. Unaona tu chenye inafanya. Na hizo siku mashine za kuchapa zilikuwa na rangi 4: samawati, waridi kali, njano na nyeusi, kwa vidoti vidogo juu ya karatasi ya bei ya chini kama ya gazeti. Nyekundu yenyewe ni vidoti vya waridi juu ya njano. Huwezi ng'arisha kitu na hiyo karatasi, inanyonya rangi yote. Kirby alikuwa na jibu lake. Ukicheki kazi yake kutoka miaka ya katikati ya 60 utaona yale mabonge meusi ya duara, yamejazana kando ya nguvu yoyote kubwa, ka povu nyeusi. Weusi ndio unafanya ile njano kando yake ionekane inachoma. Anachora giza ndio uone moto. Msee yeyote anajifunza kuchora na tablet, ako na rangi milioni na bado adui wake anaonekana baridi, aende asome hizo kurasa.

Ka umekuwa ukicheki katuni za superhero, kuna mwingine wa joto unaweza kuwa unamjua: Red Volcano, wa DC. T. O. Morrow ndiye huunda hizo androidi za familia ya Red, na Red Tornado ndiye maarufu, aliingia Justice League of America namba 64 huko 1968. Kwa Young Justice, 2011, Red Volcano anaenda Yellowstone kuamsha volkano ya chini. Hapo ndio naona wazo la Thermal Man limekomaa. Huyu habebi joto yake kwa mwili. Anaenda kuichukua kwa udongo. Ile swali ya inaisha lini inapotea, na inakuja ingine: utamtoaje kwa chakula yake? Jibu la hiyo episode ni chungu, ndugu zake wawili wa chuma wanazama naye kwa lava.

Na hapo ndipo akili yangu inarudi hapa kwetu, juu sisi joto ya chini tunaijua vizuri. Olkaria, pale kando ya Naivasha, visima vinashuka hadi karibu kilomita 3 na huko chini joto inapita digrii 300 za Selsiasi. Mvuke unapanda kwa mabomba makubwa yanapita kwa vilima vya Hell's Gate, unazungusha mashine, stima inatoka. Mboka ilianza hapo 1981, na leo karibu nusu ya stima ya Kenya inatoka kwa joto ya ardhi. Ukiwasha bulb kejani, kuna nafasi kubwa ni hiyo mvuke.

Vijana wenye hunionyesha michoro yao karibu wote huanza na luku ya adui. Helmeti, macho nyekundu, viatu. Wanachora fiti kinoma. Ukiuliza anatoa nguvu wapi, kimya. Na hii nchi iko na watu wamezoea kusoma komiki kwa lugha yao: Shujaaz ilianza 2010, ya bure, kwa Sheng, mhusika wake Boyie akirusha redio yake ya siri kutoka kejani, na masela mob walijifunza kufuata paneli hapo. Wasomaji wako. Kalamu ziko. Kitu nataka ni adui mwenye amefikiriwa hadi tumboni.

Nipe roboti ya joto imefika Olkaria. Haijakuja kuchoma mtu, imekuja kumanga. Inashika bomba la kwanza, inang'oa, inakunywa mvuke. Inakuwa kubwa. Kumshinda iko njia moja, kufunga visima vyote, mpaka akose, apoe, asimame. Lakini ukifunga visima, karibu nusu ya stima ya nchi imeenda: ICU, maji, taa za barabara ya kina mathe wakitoka soko usiku. Na ukiviwacha wazi, anapanda kwenda Nairobi akiwa ameshiba. Superhero hana maana hapo, nguvu zake hazisaidii kitu. Nipe fundi wa zamu ya usiku, dame wa miaka 26, glavu mkononi, mkono kwa vali ya kwanza, simu ya bosi inalia na yeye haishiki. Nipe kurasa 20 za huyo dame akiamua, na nitanunua nakala ya mbogi yote.